Uvimbe Shingoni: Kipimo Kinachobonyeza Bila Kisu

Mnunuzi wa samaki katika ufuo wa Dunga hatoi pesa kabla ya kubonyeza. Nyama ya ngege ikirudi mahali pake kidole kikiondolewa, samaki ni wa leo. Ikibaki na shimo, bei inashuka. Madaktari nao hubonyeza uvimbe wa shingo, kwa sababu uvimbe wa saratani mara nyingi huwa mgumu kuliko nyama inayouzunguka. Ila kidole hakifiki ndani, na madaktari wawili wanaweza kutofautiana.

Kwa sababu hiyo kuna elastografia. Ni ultrasaundi ile ile wanayoijua akina mama wajawazito, ikiwa na programu ya kupima ugumu. Jonathan Ophir na wenzake waliieleza mbinu hii mwaka 1991 huko Houston, Marekani. Katika aina moja, mhudumu hubonyeza shingo kidogo sana kwa kifaa, na kompyuta hulinganisha picha za kabla na baada: palipo laini hubonyea, palipo pagumu hapabonyei. Katika aina nyingine, mashine hutuma mitetemo midogo, ambayo hukimbia kwa kasi zaidi katika sehemu ngumu. Mgonjwa huombwa asimeze mate na abane pumzi kidogo, kwani mshipa mkubwa wa damu unadunda karibu na huvuruga picha. Hakuna sindano wala mionzi.

Mgonjwa akiona rangi nyekundu kwenye skrini asishtuke. Katika mashine fulani nyekundu ni ngumu. Katika nyingine, ngumu ni buluu.

Vinundu vingi vya tezi ya dundumio si saratani, na wanawake huvipata zaidi kuliko wanaume. Rovu la ukosefu wa iodini ni jambo jingine: tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani itiwe iodini. Familia za ziwani zisiiache chumvi hiyo kwa kutegemea samaki, maana samaki wa maji baridi ana iodini kidogo kuliko wa baharini.

Elastografia ina mipaka. Ipo saratani ya tezi hii iliyo laini, na kipo kinundu kisicho na madhara kilichokuwa kigumu kwa kujaa chokaa. Mtoki wa kifua kikuu pia unaweza kuwa mgumu. Kwa hiyo kipimo humsaidia daktari kuchagua kinundu cha kuchomwa sindano nyembamba. Chembe zinazotolewa ndizo huchunguzwa maabara.

Si kila mashine ya ultrasaundi ina programu hii. Kuikosa si sababu ya kubaki nyumbani, kwani ultrasaundi ya kawaida pamoja na sindano hujibu maswali mengi. Mkazi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ikihitajika apewe barua ya rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia. Asichelewe sauti ikikwaruza kwa wiki kadhaa, chakula kikikwama au uvimbe ukikua.

Mtoto anayevimba taya au shingo ghafla apelekwe siku hiyo hiyo. Saratani ya Burkitt, iliyoelezwa Uganda mwaka 1958, hupatikana sana katika ukanda huu wa malaria. Hukua ndani ya siku chache, lakini dawa huiponya ikiwahiwa.

Picha na ripoti za kipimo cha kwanza zihifadhiwe nyumbani, kwani daktari atazihitaji ili kulinganisha ukubwa wa kinundu katika kipimo kijacho.