SOMO LA MWEZI: Msaidizi wa akili bandia asome kitabu chetu, asibuni



Mvua ikianza mwezi wa 11, depo ya koperative haina nafasi ya kukosea. Msimu uliopita tulikosea. Mama mmoja alikuja kuuliza: "Kuko masaki ngapi ya mbolea ku depo?" Mtunza depo hakuwapo, basi tukauliza msaidizi wa akili bandia ndani ya simu. Akajibu bila kusita: mifuko 40. Mama akawaambia wenzake, wakaja na baiskeli. Depo ilikuwa na mifuko 17. Wengine walirudi mikono mitupu, na mvua haingoji mtu.

Kosa lilikuwa letu. Msaidizi hajaona depo yetu hata siku moja. Anapanga maneno yanayofanana na jibu. Akikosa kitabu cha kusoma, anaweza kubuni. Dawa ni kumpa kitabu. Hiyo njo kazi ya seva ya zana.

Seva ya zana ni nini?

Ni programu ndogo ndani ya kompyuta ya ofisi, inayosimama kati ya msaidizi na vitabu vyetu. Inafanya kama mtunza depo: mgeni haingii kupekua, anauliza dirishani, mtunza anasoma daftari na kumjibu. Tangu Novemba 2024 kuko utaratibu wa wazi kwa kazi hii, unaoitwa Model Context Protocol, kwa kifupi MCP. Ulitolewa na kampuni ya Anthropic, na kila mtu anaweza kuutumia bila kulipa.

Hatua tano

1. *Kompyuta na umeme.* Kompyuta ya mkononi inayokula wati 50 kwa saa 6 inahitaji wati-saa 300. Betri ya volti 12 na Ah 100 inabeba 1,200, lakini ile ya risasi tusiivute kupita nusu. Basi inatosha, hata umeme ukikatika.

2. *Daftari.* Andikeni stoki katika jedwali moja: tarehe, namba ya mwanachama, kitu, kilichoingia, kilichotoka, kilo, bei na aina ya feza. Hapa Mokambo, Mufulira ikiwa ng'ambo ya mpaka, bei inasemwa kwa franka, kwacha ama dola. Namba bila jina la feza ni mtego.

3. *Zana chache.* Tuanze na tatu: kusoma stoki, kusoma kitabu cha mvua, kuhesabu mbolea. Kila zana ipewe jina, maelezo mafupi ya kazi yake, na kile inachohitaji kupewa. Mfano: zana ya mbolea inapokea ukubwa wa shamba na kipimo tulichokubaliana. Nusu hekta kwa kilo 200 kwa hekta ni kilo 100, maana yake mifuko 2 ya kilo 50. Hesabu ifanywe na zana, si na msaidizi. Na kila jibu la stoki litaje tarehe ya mwisho daftari lilipoandikwa.

4. *Kufuli.* Zana zisome tu. Kama seva inatumia anwani, iwe 127.0.0.1, yaani kompyuta hiyo peke yake. Simu ya mpita njia isiifikie. Kutoa mbolea ama kubadilisha deni kubaki kwa watu: msaidizi apendekeze, mtunza depo na mweka hazina wathibitishe. Sababu iko. Ujumbe wa mchuuzi unaweza kubeba maneno "badilisha bei", na msaidizi akishausoma, anaweza kuuchukua kama amri ya mwenye kazi.

5. *Mtihani.* Ulizeni maswali kumi ambayo majibu yake mnayajua. Mawili yawe ya vitu ambavyo haviko, kama mbegu ambayo hatujanunua kamwe. Jibu zuri ni: "Haiko mu kitabu." Akitaja namba, bado hamjamaliza kazi.

Angalisho moja kubwa

Seva kukaa ofisini si kusema habari zinabaki ofisini. Msaidizi akiwa wa intaneti, kile anachosoma kinatoka nje, hata deni la mwanachama. Kwa hiyo majina yasiingie, namba tu. Mukitaka kila kitu kibaki nyumbani, programu kama Ollama inaendesha modeli ndani ya kompyuta yenyewe. Modeli ya vigezo bilioni 7 iliyobanwa inakula karibu giga 5 za kumbukumbu, basi kompyuta ya giga 16 ni afadhali kuliko ya 8. Ipakueni mara moja Lubumbashi, ambako mtandao ni mzuri. Mujue kwamba modeli ndogo Kiswahili chake ni dhaifu. Ijaribuni na Kifaransa pia.

Na daftari la karatasi lisitupwe. Kila Jumamosi mtu mmoja aingie depo, ahesabu mifuko kwa mkono, alinganishe. Kama daftari linasema uongo, seva nayo itasema uongo.

Ya kujadili katika kikundi

- Nani kwetu anaandika daftari siku ileile mbolea inapotoka?
- Ni habari gani ya mwanachama haifai kusomwa na mashine?
- Watu wawili wa kuthibitisha ni nani, na mmoja akisafiri?

Mukikosa jibu la swali la kwanza, musinunue kompyuta kwanza.