SOMO LA FAMILIA: MTOTO ANAYEOGOPA KITABU

Andiko la kusoma: Matendo ya Mitume 27



Katika familia zetu wako watoto wa miaka 12, hata 14, ambao bado wanasoma kwa kuhesabu herufi. Wengi walianza shule Kongo kwa Kifaransa, na hapa Rwanda wanafundishwa kwa Kiingereza. Wengine walikaa miezi mingi bila darasa. Mtoto mkubwa akipewa kitabu cha wadogo anaona haya. Akipewa kigumu anakiacha. Tusimwite mvivu. Tumpe habari itakayomfanya atamani kujua mwisho wake.

Habari ya namna hiyo tunayo nyumbani. Paulo anapelekwa Rumi akiwa mfungwa, katika merikebu yenye watu 276. Mna tufani, mabaharia wanaotaka kutoroka, na askari wanaotaka kuwaua wafungwa. Watoto wetu wanaoona mitumbwi ya wavuvi katika ziwa Kivu wataelewa hofu hiyo upesi.

Tuisome kwa jioni 4:

1. Mstari 1–12. Paulo anaonya, lakini akida anamsikiliza nahodha. Tuulize: nani ana haki?

2. Mstari 13–20. Tufani inakuja. Tufunge Biblia pale watu wanapokata tamaa, wala tusieleze kinachofuata.

3. Mstari 21–32. Wanapima kina cha maji: pima 20, kisha pima 15. Mtoto aseme maana yake.

4. Mstari 33–44. Mtoto asome mwenyewe, hata mistari 3 tu, na mzazi aendeleze.

Akikwama, tumsubiri kidogo, kisha tumtajie neno na kuendelea. Ndugu zake wasimcheke. Mzazi asiyejua kusoma asijitenge: mkubwa mwingine au jirani asome, naye asikilize, halafu amwombe mtoto amsimulie. Tusome kwa Kiswahili anachokielewa. Aliyezoea kusoma katika lugha moja huona njia katika lugha nyingine.

Kwa vijana kipo pia kitabu Safari ya Msafiri cha John Bunyan, mhubiri wa Uingereza aliyefungwa miaka 12 kwa ajili ya kuhubiri. Kilitoka mwaka 1678. Nacho ni habari ya mtu aliyeacha mji wake na kukutana na hatari nyingi njiani.

Tukumbuke mwisho wa Matendo 27. Merikebu ilivunjika, lakini hakuna mtu aliyepotea. Waliojua kuogelea waliogelea. Wengine walishika mbao na vipande vya merikebu. Wote walifika nchi kavu. Mtoto asiyeweza kusoma kama wenzake naye apewe ubao wake.

Maswali ya kujadili nyumbani:
– Ni nani kwetu anayeogopa kitabu, na tunamwambia maneno gani?
– Jioni zipi 4 za juma hili tutazitenga?

Bwana awabariki ninyi na watoto wenu. Amina.