Bei ya Kahawa Ikishuka: Hesabu ya Chakula cha Nyumba

Bei ya kahawa haiwekwi kijijini. Mwaka 1989, mapatano ya mataifa ya kugawana kiasi cha kahawa ya kuuza yalipovunjika, bei ilianguka upesi, na wakulima wa Kilimanjaro na Bukoba wakapata fedha kidogo kwa kazi ile ile. Mkulima hawezi kulizuia jambo hilo, bali ghala lake limo mikononi mwake.

Fedha ya kahawa ikipungua, watu wengi huuza mahindi mara wavunapo, ili walipe deni la duka, wakati kila mtu anauza na bei ni ndogo. Baada ya miezi michache nyumba ile ile hununua mahindi kwa bei kubwa. Hasara hii huongezeka juu ya ile ya kahawa, nayo yaweza kuepukwa.

Kwanza pimeni. Kwa siku saba mama wa nyumba na apime unga wote anaopika, kisha jumla izidishwe kwa 52. Nyumba ilayo kilo 14 kwa juma yahitaji kilo 728 kwa mwaka, yaani magunia saba ya kilo 100 na zaidi. Ongezeni pumba, mbegu na wageni. Kiasi hicho kisiuzwe, wala baba asiuze gunia bila kumwuliza mkewe, kwa kuwa yeye ndiye aijuaye sufuria. Nyumba isiyovuna kiasi hicho na ipande mihogo mapema, isingoje njaa.

Mahindi yasiyokauka huota ukungu ghalani. Twaeni chupa kavu, tieni punje na chumvi kavu kidogo, mtikise kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, yaanikeni tena. Dumuzi hugeuza punje kuwa vumbi. Mahindi makavu yakifungwa sawasawa katika mfuko usiopitisha hewa, mdudu hufa kwa kukosa pumzi.

Na mikahawa je? Msiing'oe kwa hasira. Mwaka 1994 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na bei ikapanda sana. Mche mpya huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliyeng'oa mikahawa yake hakuwa na cha kuuza. Katika miaka ya bei ndogo yatosha kupogoa, kutia samadi na kuweka matandazo. Kazi hizo hazitaki fedha nyingi.