Ngitili na Maksai wa Kulimia

Wazee wa Usukuma husema kwamba mvua za zamani zilikuwa njema kuliko za siku hizi. Sisi hatuwabishii, lakini mtu hukumbuka mwaka wa neema na mwaka wa njaa, na miaka ya katikati huisahau. Kwa sababu hiyo wenye kupima hali ya hewa hutazama miaka 30 pamoja ndipo watoe hukumu. Vipimo vyao vyaonyesha wazi kwamba joto la Tanzania limezidi kwa kadiri ya digrii 1 tangu mwaka 1960.

Digrii 1 yaonekana ndogo, lakini kazi yake si ndogo. Malambo hukauka mapema, na majani hunyauka upesi mvua zikomapo. Tena mvua ya kwanza ya Novemba yaweza kufuatwa na majuma kadhaa ya jua kali, hata mwenye kuchelewa kulima akakosa unyevu ule mchache. Na achelewaye mara nyingi si mvivu. Maksai wake wamekonda mwezi wa Oktoba, hawawezi kuvuta plau. Hapo malisho na shamba huwa shauri moja.

Wasukuma walilijua hilo tangu kale. Mvua zianzapo hufunga sehemu ya malisho, iitwayo ngitili, na kuifungua kiangazi kikikaza, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wazee na maksai. Baadaye mapori yalifyekwa kwa kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakaenea, na watu wakahamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Mwaka 1986, kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga ilipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kabla ya miaka 20 kupita zilizidi hekta 300,000. Visiki na mizizi vilikuwa hai bado chini ya ardhi. Vilingoja kuachwa vipumue.

Sasa na tufanye hesabu, na walimu waweza kuiandika ubaoni. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kila siku. Kwa siku 180 za kiangazi ni kilo 1,080. Maksai wanne wahitaji kilo 4,320, yaani zaidi ya tani 4, na majani mengine kama hayo yabaki yafunike udongo. Mwenye ng'ombe 40 na ngitili ya kuwatosha 15 ajue mwezi wa Mei ni wangapi atakaowauza, wakingali wanono na bei ingali nzuri. Akingoja Septemba atauza ngozi na mifupa.

Ugumu uliobaki ni majirani. Ngitili isiyo na mlinzi huliwa usiku mmoja. Kwa hiyo mipaka yake itangazwe katika dagashida kabla ya mvua, na faini ya kuingiza mifugo ikubaliwe na wote, wenye ng'ombe wengi wakiwapo barazani.