Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Dirisha la Tiketi, Nyabugogo

Kwa miaka minne nilipanga ratiba za mabasi ya mikoani katika kampuni moja iliyoko kituo cha Nyabugogo, Kigali. Rwanda haina reli, kwa hiyo kazi ambayo kwingine hufanywa na treni, kwetu hufanywa na Coaster zinazoondoka kwa saa iliyopangwa kwenda Huye, Musanze au Rubavu, zijae zisijae. Abiria huiona saa iliyo kwenye tiketi tu. Mengine yote nilijifunza upande wa pili wa dirisha.

1. Ratiba hubebwa na dakika asizoziona abiria.

Kigali hadi Huye ni kama kilomita 130. Tangu 2015 mabasi ya abiria yanatakiwa kufungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 60 kwa saa. Hata dereva asiposimama popote, atatumia zaidi ya saa mbili. Ongeza kilima cha Ruyenzi baada ya kuvuka mto Nyabarongo, ongeza wanaoshuka Muhanga na Ruhango, unapata saa tatu. Weka nusu saa ya kupumzika kila upande: basi moja linahitaji saa saba kwenda, kurudi na kuwa tayari tena. Ukitaka basi litoke kila nusu saa, lazima uwe na mabasi 14.

Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa nibane matumizi. Nikaandika safari kuwa saa mbili na dakika 45, na mapumziko robo saa. Mzunguko ukashuka hadi saa sita, mabasi yakawa 12. Karatasini nilikuwa nimeokoa magari mawili. Barabarani safari ilibaki saa tatu zilezile, na robo saa niliyoifuta ikala ile ya mapumziko yote. Dereva alifika, abiria wakashuka, wengine wakapanda, akageuza. Mvua ilipochelewesha gari la asubuhi dakika 20, hapakuwa na mahali pa kuzifidia. Zilizunguka na basi lile hadi usiku, na kila abiria aliyelipanda alizilipia. Dereva mmoja wa makamo akanijia ofisini akasema, "Mwanangu, umenipa safari, chai hukunipa." Alikuwa amechoka kweli, na nyuma yake kulikuwa na watu karibu 30 wanaomtegemea. Wiki iliyofuata nilirudisha mabasi 14, na nikaeleza kwa maandishi kwa nini.

2. Anza kwa kujua basi litalala wapi.

Ijumaa jioni Kigali inamwaga watu mikoani, Jumapili wanarudi. Usipoangalia, Jumamosi asubuhi magari yako yamelala Huye na abiria wako wamesimama Nyabugogo. Nilizoea kupanga siku kuanzia mwisho wake.

3. Ucheleweshaji mmoja huzaa mwingine.

Hili nililielewa vizuri zaidi ndani ya treni kuliko ofisini. Reli ya Nairobi hadi Mombasa, iliyofunguliwa 2017, ina kilomita zaidi ya 470 na kwa sehemu kubwa ni njia moja. Treni mbili zinazokuja uso kwa uso hupishana stesheni tu, kwenye njia ya pembeni. Siku niliyoipanda tulisimama mahali ambapo hakuna aliyeshuka wala kupanda, abiria wakaanza kunung'unika. Mimi nilitazama dirishani nikisubiri. Baada ya muda treni ya mizigo ikapita, nasi tukaondoka. Mpangaji wa reli hana ruhusa ya kuota ndoto: akikosea dakika za treni moja, ameichelewesha na ile iliyo upande wa pili.

4. Kalenda ni sehemu ya barabara.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi usafiri husimama. Lazima magari yawe yamegawanywa pande zote kabla ya saa mbili. Shule zikifungwa, wanafunzi wa bweni husafiri kwa siku zilizopangiwa wilaya zao, na wa Kigali hukusanywa uwanja wa Pelé, Nyamirambo. Mabasi yanayowachukua ni haya haya yetu. Siku hizo nilipunguza safari mapema na kubandika tangazo, badala ya kumwacha mama na mtoto mgongoni akisubiri gari ambalo nilijua haliji.

5. Uliza ni saa ya nchi gani.

Kigali iko nyuma ya Kampala na Dar es Salaam kwa saa moja. Tiketi ya kuvuka mpaka isiyosema hivyo itamfanya mtu aachwe na basi.

Miaka mingi sasa panazungumzwa reli ya kutoka Isaka, Tanzania, hadi Kigali. Ikifika, nawaomba watakaopanga ratiba yake wawaulize madereva kwanza, na chai yao waiandike.