Laini Ulimini, Kali Kwenye Damu

Wasomaji kadhaa wameuliza mwezi huu jambo moja kwa midomo tofauti: tumbaku ya kiko inayoitwa "laini" ina ladha gani, na ulaini huo unatoka wapi? Nitajibu kwa kopo moja, Prince Albert ya Marekani. Ni kongwe, inajulikana, na haina madoido ya kuficha jani. Nilikuwa mteuzi wa tumbaku miaka mingi, kazi ya kunusa, kukunja jani na kulipanga daraja. Kiko nilishaacha; pua bado ninayo.

Swali: Shikamoo mzee. Mtu akisema tumbaku hii ni laini, anapima nini?

Marahaba. Mara nyingi hajui anapima nini, na ugomvi wote wa wavuta kiko huanzia hapo. Kuna uzito wa ladha: moshi unajaza kinywa au unapita tu. Kuna mchomo: ulimi unawaka au hauwaki. Halafu kuna nikotini, ambayo ulimi hauioni kabisa. Kopo laini huwa na ladha nyepesi na mchomo mdogo, basi. Nimewahi kumwona kijana aliyevuta "laini" tumbo likiwa tupu akatoka jasho jembamba, akaomba maji ya sukari. Ulimi wake haukuwa na malalamiko yoyote.

Swali: Ndani ya Prince Albert mna nini?

Kwa sehemu kubwa ni Burley, ile ambayo wakulima wetu huiita tumbaku ya hewa. Kampuni ya R. J. Reynolds ya Winston-Salem, North Carolina, iliitoa sokoni mwaka 1907 kwenye kopo jekundu lenye picha ya Edward VII, ambaye kabla ya kutawazwa aliitwa Prince Albert Edward. Tangu mwanzo ilijigamba kwa jambo moja: haichomi ulimi. Mwaka 1987 jina hilo lilihamia kwa kampuni ya John Middleton.

Burley nyeupe ina kisa kizuri. Mwaka 1864, katika Brown County, Ohio, mbegu zilizotoka Kentucky zilichipua miche iliyopauka kama inayoumwa. Ilipokua ikatoa jani jepesi, lenye vinyweleo vingi, linalokauka vizuri kwa upepo peke yake. Ukilitundika bandani, hukaa wiki kadhaa likikauka polepole, na muda wote huo bado lina uhai kidogo: linapumua, linakula sukari yake lenyewe. Likifika sokoni halina utamu karibu wowote. Kwa kufidia, lina matundu kama sifongo. Kiwandani hunyweshwa rojo la sukari, kakao au likorisi, nalo hufyonza kuliko jani jingine lolote. Ulaini wa kopo hili unaanzia kwenye kiu hiyo ya jani.

Swali: Ielezee ladha yake kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Fungua kopo kwanza, usiwashe. Harufu inayotoka ni ya unga wa kakao usiotiwa sukari, na nyuma yake kuna kitu kikavu, kama gunia jipya la katani. Hakuna ua, hakuna tunda. Anayetafuta vanila atavunjika moyo. Vanila iko kwenye makopo mengine, kama Captain Black, ambako jani limepikwa likanyweshwa manukato hata usijue lilikuwa jani gani.

Ukiwasha, mivuto miwili mitatu ya mwanzo haina maana. Ni kiberiti na haraka. Subiri moto utulie. Hapo ndipo zinakuja karanga, zile zilizokaangwa kwenye chungu kikavu hadi ganda jekundu linaanza kubanduka lenyewe. Baadaye ganda la mkate. Utamu upo, ila ni wa kukisia, kama chai ya mtu aliyeambiwa na daktari apunguze sukari. Kila mvuto unaacha ukavu kidogo pembeni mwa ulimi.

Katikati ya kiko ladha haibadiliki, na hili wengine huliita kasoro. Mimi naona ndiyo tabia yake. Ni tumbaku ya mtu mwenye kazi mkononi, anayesoma gazeti au kutengeneza baiskeli, asiyetaka moshi umsemeshe. Kuelekea chini inakolea na kuwa na uchungu wa kahawa, majivu yanatoka meupe ya kijivu, na hapo mvutaji mwenye busara huacha. Ya mwisho kabisa ni masizi tu.

Kosa moja la kuepuka ni kuchanganya harufu ya chumbani na ladha ya kinywani. Aliyekaa upande wa pili husikia kakao na biskuti. Anayevuta husikia karanga na ukavu. Wake wengi wameisifu tumbaku ambayo waume zao waliiona haina ladha.

Swali: Mimi natoka Urambo. Tumbaku yetu haiwezi kutoa kitu laini?

Inaweza, ila ni ulaini wa aina nyingine. Ya kwenu, tangu mashamba yale yapandwe tumbaku baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa, ni ya mvuke, yaani Virginia. Unajua bani, lile banda la kukaushia jani, linavyofanya kazi: joto linapandishwa kwa hatua, na kwa siku tano hadi saba jani limekauka. Kwa kuwa linauawa haraka, linakufa na sukari yake ndani. Ukilivuta peke yake kwenye kiko utapata nyasi kavu, asali nyepesi, mara nyingine ganda la chungwa. Tamu kuliko Burley, bila rojo lolote. Lakini lina hasira: ukivuta kwa pupa linawaka sana na kukuchoma. Ndiyo maana wachanganyaji hulichanganya na Burley. Moja linaleta utamu, jingine linatuliza moto.

Ile ya moshi ya Songea na Namtumbo usiitie kwenye kopo laini. Inakaushwa juu ya moto wa kuni, na ukitia hata kidogo, kopo zima litanukia jiko.

Swali: Nilinunua tumbaku laini na bado ulimi ukawaka. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Umevuta kama sigara. Kinachochoma ulimi mara nyingi ni mvuke wa moto, na mvuke unatokana na tumbaku mbichi inayovutwa kwa haraka. Itandaze juu ya karatasi dakika ishirini hivi hadi ikibonyezwa isishikamane. Wazungu wana usemi kwamba tabaka la kwanza lijazwe kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mama, la tatu kwa mkono wa baba, nao ni sahihi. Kiko kikianza kuunguza kiganja, kiweke chini.

Chombo nacho kina neno lake. Kiko cha mzizi wa brayari kinahitaji kuzoea moto. Cha gunzi la mahindi kinavutika tangu siku ya kwanza na hakiongezi ladha ngeni. Kilichonifurahisha zaidi ni cha jiwe jeupe la Amboseli, kilichotengenezwa Arusha na kuuzwa ng'ambo kwa jina la Kiko, chenye alama ya tembo. Jiwe lile ni jepesi, linanyonya unyevu, na moshi unatoka baridi. Ukikikuta kwa mzee yeyote, muulize kama anauza.

Swali: Baba yangu anavuta sigara. Nimhamishie kwenye kiko laini, si nafuu?

Hapana, mwanangu. Moshi wa sigara una asidi, ndiyo maana mvutaji huumeza hadi mapafuni apate nikotini. Moshi wa Burley huelekea kinyume cha asidi, na nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya kinywa bila kumezwa. Na aliyezoea sigara atameza hata wa kiko. Mazoea hayahami pamoja na chombo. Kiko huleta saratani ya mdomo, koo, umio na hata mapafu, iwe tumbaku kali au laini. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007, unataka pakiti zisidanganye watu, na miongoni mwa maneno unayoyataja kwa mfano ni hilo hilo, "laini".

Mpeleke baba hospitali aombe msaada wa kuacha. Akipenda kiko kwa umbo lake, mnunulie akiweke kabatini. Changu kiko huko, kitupu.