Mpanda farasi anaacha lini kuwa mwenye kuanza?

Wengi wetu hatujapanda farasi hata siku moja. Katika sehemu nyingi za inchi yetu farasi hawaishi vizuri, sababu mbung'o huwaletea ugonjwa wa kuwaua. Lakini wengi tumejifunza velo, basi ulizo hili tutalielewa.

Wengine hujibu: akimaliza mwaka mmoja. Wengine: akisha kuanguka mara nyingi. Sisi hatukubali. Mtu anaweza kupanda miaka mitano na kubaki pale pale.

Wafaransa wameweka mitihani inayoitwa Galop, kuanzia 1 mpaka 7. Hata katika ule wa kwanza kupanda peke yake hakutoshi. Mwanafunzi lazima ajue pia kumsafisha farasi na kumwongoza kwa miguu. Ni vizuri. Lakini kwetu alama ya kweli iko katika mikono.

Munajua kwamba farasi hutiwa chuma kinywani, kinaitwa lijamu. Kinalala juu ya ufizi, pale pasipo meno, na hatamu zimefungwa kwacho. Sasa farasi akianza kwenda trot, mwenye kuanza anarushwa-rushwa, anatafuta kitu cha kushika, anakamata hatamu. Velo, hata ukikaza gidoni namna gani, haisikii kitu. Farasi anasikia. Anainua kichwa akimbie maumivu, na mpanda anazidi kukaza. Kisha anampiga fimbo, eti mnyama ni mkaidi!

Juu ya hiyo, katika shule maarufu ya wapanda farasi ya Vienna, inchi ya Austria, wanafunzi wapya hukaa muda mrefu juu ya farasi anayezunguka akishikwa na mwalimu kwa kamba ndefu. Hapana hatamu, hapana vikuku vya kuwekea miguu. Mwili unatafuta usawa wake katika kiuno na mapaja. Pale kufikia cheo cha mpandaji kamili huchukua miaka 8 mpaka 12, lakini uanafunzi wa mikono huisha mbele zaidi.

Munaweza kuupima hivi: farasi akiwa katika trot, mwalimu anasema, "Achilia hatamu, nyoosha mikono yote miwili." Kama kiti cha mpanda hakitikisiki, na farasi anaendelea vilevile, shingo imelegea, huyu si mwenye kuanza tena.